Usimwambie Hakupiga

Ninyi vijana wa ofisini, mlipoomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya simu, nadhani mlitaka mambo ya mitambo. Nitayasema, maana ile mitambo niliipenda kuliko baadhi ya watu niliofanya nao kazi. Lakini kitu nilichokitumia zaidi pale mezani hakikuwa waya wala plagi. Ni vile visilabi vinavyokaa katikati ya kitenzi: na, li, me, ta, ja. Shuleni kwetu Masieda mwalimu alituambia kazi yake ni kuonyesha wakati, basi. Sikumbishia, alikuwa na fimbo.

Nilishuka Katesh nikiwa msichana, na sweta la kijani na sanduku la mbao lililotengenezwa na baba. Posta na simu wakati huo zilikuwa chumba kimoja kirefu: kulia stempu na vifurushi, kushoto swichibodi, na kwenye kona kibanda cha mbao cha kuzungumzia, ambacho kilinuka jasho la watu waliokuwa na wasiwasi. Swichibodi ilikuwa ubao wenye matundu, na kila tundu lilikuwa na mteja wake: polisi, hospitali, misheni, maduka machache, mashamba ya ngano kule Basotu. Mteja akiita, kifuniko kidogo cha chuma kinadondoka juu ya tundu lake. Unachomeka kamba, unauliza "Namba?", unachomeka kamba ya pili, unazungusha mkono wa mtambo mpaka upande wa pili uitike. Hadi leo kijiko kikianguka jikoni, mkono wangu unainuka kutafuta kamba, na wajukuu wanacheka.

Aliyenifundisha ni Mzee Jumanne. Wazazi wake walikuja Katesh kufanya biashara wakitokea Kondoa, naye alizaliwa nyuma ya duka. Alikuwa mwembamba, mkali, na visikilizio vyake alivifuta kwa kipande cha kanga alichokatiwa na mkewe, ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Ukisahau kumwamkia, siku nzima hakusikii. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikia!

"Binti, unajua kuzungumza?" aliniuliza asubuhi ya kwanza.

"Najua, mzee."

"Hujui. Kaa hapo usikilize."

Nikakaa. Wakala wa mabasi alipiga kutoka stendi kumjibu mtu wa Singida: "Basi limeshatoka." Kupitia dirishani nililiona basi lenyewe limesimama, dereva anakunywa chai. Nikamtazama Mzee Jumanne. Akaniambia, "Hajasema uongo. Anamwambia asiwe na wasiwasi." Baadaye akaja mkulima, kofia mkononi, akasema, "Nilikuwa naomba Arusha." Alikuwa anaomba hapo hapo, wala hakuna aliyemnyima jana, lakini alilisogeza ombi lake nyuma kidogo ili lisitukanyage. Halafu mtu wa hospitali akauliza kama daktari yuko nyumbani kwake, na Mzee Jumanne akamjibu, "Atakuwa ametoka." Ta ya kesho, kwa jambo la saa ile ile, kwa sababu hakuwa na uhakika na hakutaka kujifanya anao. Kabla ya mchana nilikuwa nimeona kwamba ndani ya kitenzi hamna saa tu. Mna heshima, mna hofu, na mna huruma.

Huruma niliiona kwenye simu za maandishi. Ninyi hamkuzikuta. Mtu anakuja na habari, unaipunguza maneno, inasafiri kwa waya, na huko inakofika inapigwa chapa na kupelekwa kwa mwenyewe. Akaja bwana mmoja kumwarifu ndugu yake aliyekuwa mwalimu Tabora kwamba baba yao amefariki. Mzee Jumanne akaandika: BABA ANAUMWA NJOO.

Bwana yule alipotoka nikasema, "Mzee, si amesema amefariki?"

"Amefariki. Na huyo wa Tabora ana siku mbili za barabara. Unataka azisafiri na maiti?"

"Lakini akifika atajua."

"Atajua hata kabla hajafika. Watu wote wanajua anaumwa ya simu ni ipi. Lakini njiani akitaka kuamini ni ile nyingine, tumemwachia nafasi."

Somo la ja lilikuja wiki hiyo hiyo. Mama mmoja wa Gitting, kijiji cha huko juu mlimani, alikuwa amekaa kwenye benchi tangu tulipofungua, akisubiri simu ya mumewe aliyelazwa Moshi. Tulipokaribia kufunga akaniuliza kama amepiga, nami nikamjibu kwa Kiswahili safi cha darasani: "Hakupiga, mama." Akasema asante, akachukua kikapu, akatoka. Mzee Jumanne akavua visikilizio. Mtu huyu sijawahi kumwona akikimbia hata mvua ilipomkuta njiani, lakini siku ile alitoka mbio mpaka barabarani, akamshika mama yule mkono, akazungumza naye, akarudi anahema.

"Nimemwambia hajapiga," alisema.

"Mzee, si ni sawa tu? Simu haikuja."

"Si sawa. Hakupiga, umefunga mlango. Hajapiga, umeurudishia tu. Mtu akiulizwa kama ana watoto na hana, anasemaje? Sijajaliwa. Hata awe na mvi. Umewahi kusikia mtu mwenye adabu anasema hapana?"

Sikuwahi. Kwetu hata bibi kizee ambaye hakuolewa anasema hajaolewa, na hakuna anayecheka.

Miaka ya ruksa ikaja. Maduka ya Katesh yakajaa bidhaa ambazo tulikuwa tukizisikia kwa jina, mitumba ikamwagwa mnadani, mabasi ya watu binafsi yakaanza kushindana kudanganya saa. Kule Basotu mashamba ya ngano yakaanza kupunguza watu. Mmoja wa waliopunguzwa aliitwa Safari, kijana wa Gitting aliyekuwa kwenye mashine za kuvunia. Safari ni jina la kawaida sana kwetu, msinitafutie maana. Aliingia ofisini na mama yake, mwanamke mfupi mwenye shuka jekundu, wakaja dirishani kwangu.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huyu anakwenda Mererani kuchimba yale mawe. Mpe namba ya hapa."

Nikamtajia. Hakuiandika. Alisimama pale akaisema kwa sauti mara kadhaa, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesali, kisha akaniambia, "Dada, nikipoteza vyote, hii ninayo." Basi likapiga honi. Mama alikuwa bado ameshika mkono wa koti lake.

"Nakuja, mama," alisema Safari, akajitoa taratibu, akaondoka.

Mnajua hiyo nakuja yetu. Mtu anakupa mgongo huku anakwambia anakuja. Mgeni anaweza kudhani tumechanganyikiwa, lakini ndiyo adabu ya kuondoka: unatanguliza kurudi, ili anayebaki abaki na kitu.

Alipiga. Mwanzoni alipiga vizuri tu. Ananiachia ujumbe, mimi nautuma Gitting kupitia akina mama wa mnada, na siku aliyoitaja mama yake anashuka mlimani, anaingia kibandani, anashika simu kwa mikono miwili na kupiga kelele kana kwamba Mererani ni ng'ambo ya korongo. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya mvua na mbuzi. Kisha simu zikapungua, kisha zikakoma.

Mama Safari hakukoma. Kila mnada alikuja, ameuza au hajauza.

"Amepiga?"

"Hajapiga, mama."

"Haya. Hajapiga." Anakaa kidogo kwenye benchi, anapumzika, anapanda mlima. Wakati mwingine aliniletea viazi au kabichi. Nilimzoea kiasi kwamba asipotokea mapema nilianza kutazama mlangoni. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, Masieda, nami nilikuwa namwona mara chache. Nadhani kuna upendo nilioupeleka dirishani pale kwa sababu sikuwa na njia ya kuufikisha nyumbani.

Miaka hiyo posta na simu zikatenganishwa. Wakubwa walieleza mambo makubwa. Sisi tuliona fundi anakuja na mbao laini, anajenga ukuta katikati ya chumba, na wenzetu wa stempu wakawa majirani. Mzee Jumanne alistaafu kabla rangi ya ukuta haijakauka. Aliniachia kile kipande cha kanga. Hakukaa sana duniani baada ya hapo. Kwenye mazishi yake watu wakasimama mmoja mmoja: alikuwa mkarimu, alikuwa mcha Mungu, alikuwa mkali lakini. Kila alikuwa ilinichoma. Jumatatu yake watu walikuwa bado wakisema ni mkali, yu mkali. Kufika Alhamisi amehamishiwa kwenye li, na hakuna anayeweza kumtoa huko. Nilimkumbuka sana. Bado namkumbuka.

Mkoa wa Manyara ulipozaliwa, Mama Safari alikuja mbio, wala haikuwa siku ya mnada.

"Mwanangu, ni kweli Mererani sasa imeletwa chini ya Babati?"

"Ni kweli, mama. Tumetolewa Arusha pamoja, makao makuu sasa ni Babati."

Akacheka, nikaona meno yaliyobaki. "Basi amerudi nusu ya njia bila kutembea."

Haukupita muda mrefu akarudi kijana mwingine wa Gitting kutoka machimboni, akasema Safari aliondoka Mererani zamani. Alikwenda kusini, Tunduru, na kuna waliosema amevuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mama yake aliipokea habari hiyo dirishani kwangu, akafikiri. "Basi atakuwa anatafuta simu," alisema. Ta ile ile ya Mzee Jumanne.

Ndipo akaja na shemeji yake, baba mdogo wa Safari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vijana wakubwa wasio na pa kulima, na kipande cha shamba la Safari kilikuwa kimelala. Ukoo ulitaka kufanya matanga, watu walie, wanyoe, kisha shamba ligawanywe. Mama Safari alikataa, wakabishana wee, mwisho wakakubaliana kuja kwangu.

"Dada, wewe ndiye unayeshika simu," alisema baba mdogo. "Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga wamesema. Mwambie shemeji yangu ukweli. Kijana alikuwa anapiga, akaacha. Hakupiga tena. Sema tu hivyo, tukamlilie."

Mama Safari hakunitazama. Alitazama simu. Nilijua nikisema hakupiga, jioni ile ile watawasha moto wa matanga, na mtu ambaye hakuna aliyeuona mwili wake atakuwa amezikwa kwa silabi moja.

"Hajapiga, baba," nilisema.

"Mpaka lini?"

Mama Safari akajibu kabla yangu. "Mpaka apige."

Mzee yule alinitazama kwa hasira, kisha hasira ikamwishia, akabaki amechoka. Nilikuja kusikia kwamba alianza kulima kile kipande mwenyewe, akisema analinda.

Baada ya hapo mnara wa simu za mkononi ukasimama, na kwa miezi kadhaa nusu ya Katesh ilihamia kwenye kichuguu kimoja nyuma ya stendi ambako mtandao ulishika. Swichibodi iling'olewa. Walipoibeba kwenda kuipakia nilitoka nje nikajifanya naangalia mawingu. Nikabakizwa kama mhudumu wa wateja, ambao hawakuja, na simu moja ya mezani yenye namba ile ya zamani. Ikafika zamu yake. Ofisa mmoja kijana alikuja kutoka Babati kupitia laini zisizotumika, mtu mpole, akaniamkia vizuri, akasema, "Mama, nilikuwa nauliza tu, hii namba ina mteja?"

Nilikuwa nauliza tu maana yake ni naikata leo. Miaka yote ile haikunipita bure.

"Nilikuwa naomba ibaki," nilisema.

"Kwa ajili ya nani, mama?"

"Kuna mtu hajapiga."

Kijana yule kwao ni Dongobesh, na baadaye aliniambia ana kaka yake aliyekwenda Zambia. "Basi itabaki," alisema, na ta yake hiyo ilikuwa ya ahadi, kwa maana ilibaki.

Mama Safari alizeeka. Akawa anakuja na fimbo, kisha akawa anamtuma mtu amuulizie, kisha kifua kikamlaza. Wakati wa baridi, ukungu umeshuka mpaka mabondeni, nikapata habari. Nilipanda Gitting kumzika. Baba mdogo ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, ameshika karatasi lakini haitazami. Alipofika kwenye watoto alisema, "Ameacha watoto wanne. Watatu wako hapa. Mmoja hajafika." Nililia pale kuliko nilivyolia kwa ndugu zangu wa damu, na sioni aibu kusema.

Simu ililia msimu wa kupanda. Simu ile ilikuwa imekaa kimya muda mrefu hivi kwamba nilidhani ni kengele ya shule. Nikainua.

"Posta Katesh?" Sauti ilikuwa mbali na yenye mchanga. "Nilikuwa naomba kuzungumza na... Sijui kama bado mnatuma ujumbe Gitting."

"Safari," nilisema.

"Dada? Bado uko?"

"Niko, mdogo wangu. Uko wapi?"

"Huku Msumbiji. Dada, nilikuwa naogopa kupiga. Nilisema nikipata kitu nitapiga. Sijapata bado." Alivuta pumzi. Miaka yote hiyo mama yake amekaa kwenye hajapiga, naye amekaa kwenye sijapata, nyumba moja yenye vyumba viwili, na hakuna aliyegonga ukuta. "Mama hajambo?"

Nilikuwa na kile kipande cha kanga kwenye droo. Nilikitoa, nikakishika. Mtu yuko peke yake ng'ambo ya mto mkubwa, na kati yake na nyumbani kuna barabara nisiyojua inaishaje.

"Mama anaumwa," nilisema. "Njoo."

Niliisikia laini inavuma. Alikuwa mtoto wa huku huku, alikulia kwenye Kiswahili hiki hiki. Alipozungumza tena alizungumza polepole.

"Dada. Anaumwa, au anaumwa?"

Nimeunganisha simu za watu maisha yangu yote, na sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. Nilitaka kumjibu kama mama, nilitaka kulia, nilitaka Mzee Jumanne awe nyuma yangu anipokonye simu.

"Anaumwa, mdogo wangu. Wewe njoo."

Nikamsikia analia, halafu akajikaza, akajisafisha koo. Hakuuliza zaidi. Nafasi niliyomwachia aliichukua.

"Haya, dada," alisema. "Nakuja."

Laini ikakatika.

Nimestaafu sasa, nanyi mlinifanyia sherehe nzuri, ingawa keki ilikuwa na jina la mwingine. Namba ile iko kwenye meza ya dirishani. Nilikuwa naomba ibaki. Mnaijua sasa hiyo nilikuwa naomba. Na mtu yeyote akija kwenu, hata kama kwake ni kuuliza tu pesa iliyotumwa kwenye simu ya mkononi, naye amekaa tangu asubuhi, msimwambie haikuja. Mwambieni haijaja.

Mimi siku hizi siku ya mnada natoka mapema. Sina cha kuuza. Nakwenda upande wa viazi, wanakokaa akina mama wa Gitting, nachagua chagua nisivyovihitaji. Wanajua ninachokifuata. Kipande cha shamba bado kinalimwa na baba mdogo, anayetembea kwa shida, naye bado anasema analinda. Mnada uliopita nilimkuta msichana mgeni, mkwe wa mtu, sijawahi kumwona. Akaniamkia, nikaitikia, nikamuuliza kama nilivyoulizwa mimi miaka yote ile kwenye dirisha lile:

"Amefika?"

Aligeuka kumtazama mama mkwe wake, kisha akanigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili yenye udongo.

"Hajafika, bibi," alisema.

Nikamshukuru, nikanunua viazi.